Teknolojia: Kadi ya sauti ya USB inaweza kuleta sinema nyumbani, lakini hesabu matundu mbele ya kulipa

Mu maduka ya vyombo vya umeme ya miji yetu, karibu na chaja za telefone na flashi, kunauzwa kifaa kidogo chenye ukubwa wa kidole. Juu ya paketi yake wameandika « 7.1 ». Muuzaji anakiita « carte son USB » na anasema kama kitakuletea sauti inayokuzunguka, sawa vile mu sinema. Watu wengi wanakilipia, wanafika nyumbani, wanakichomeka ku ordinatere, na mabafle ya nyuma yanabakia kimya.

Si kusema kama kifaa kimeharibika. Kinatumika vizuri, lakini hakikutengenezwa kwa kazi ile. Kwa familia yenye kuunga ordinatere na televizyo, ao kwa kijana anayekula kutokana na chumba chake cha vidiyo, jambo hili si dogo: feza imetoka, wateja wameahidiwa sauti mupya, na hakuna kilichobadilika. Lakini kadi ya USB inayoweza kazi hii iko kweli. Inafaa tu kujua namna ya kuitambua.

Njia sita, si mbili

Sauti ya kawaida ya ordinatere ni stereo, maana yake njia mbili: kushoto na kuume. Sauti ya kuzunguka inayojulikana zaidi inaitwa 5.1. Ile 5 ni njia tano: mbele kushoto, mbele kuume, mbele katikati, nyuma kushoto na nyuma kuume. Ile .1 ni njia ya sita, ya mishindo mizito peke yake, kama radi ao mungurumo wa injini. Inaenda mu bafle kubwa ya besi. Mu 7.1, wanaongeza mabafle mawili ya pembeni.

Wazo hili ni la zamani. Mu mwaka wa 1940, Walt Disney alionyesha filme Fantasia kwa mutambo ulioitwa Fantasound, uliotawanya sauti mu mabafle mengi ndani ya ukumbi. Mu 1992, kampuni ya Dolby ikaingiza mu sinema sauti ya dijitali ya njia sita, pamoja na filme Batman Returns. Kiisha DVD ikaleta sauti ile mu nyumba za watu. Tangu hapo, filme nyingi kubwa za Marekani na Ulaya zinabeba njia zote sita ndani yake. Shida ni kuzitoa inje.

Ordinatere nyingi za kubeba ziko na tundu moja tu la ekutere, na tundu lile linapitisha njia mbili. Hata filme ikiwa na njia sita, ordinatere inazikunja zote ndani ya mbili. Mutu anayepiga risasi nyuma ya mushujaa anasikika mbele, na maneno ya katikati yanazama ndani ya muziki. Hapo ndipo kadi ya inje inapata kazi.

Matundu hayadanganyi

USB ilitoka mu 1996, na hata ile ya zamani ilipitisha hadi biti milioni 12 kila sekunde. Njia sita za sauti safi ya biti 16, zikipimwa mara 48 000 kwa sekunde, zinaomba biti milioni 4,6 hivi. Maana yake fili ya USB iko na nafasi ya kutosha. Kinachohukumu ni chipu iliyo ndani ya kadi, na matundu iliyopewa.

Hesabu ni nyepesi. Tundu moja la sauti linapitisha njia mbili. Kwa njia sita, kadi inapaswa kuwa na matundu matatu ya kutosha sauti. Kwa njia nane za 7.1, manne. Kwa kawaida rangi zinasaidia: la kijani ni la mabafle ya mbele, jeusi ni la nyuma, la rangi ya machungwa ni la katikati na besi, na la kijivu ni la pembeni. La roze ni la mikro, na la buluu linaingiza sauti kutoka chombo kingine. Hayo mawili ya mwisho hayahesabiwi.

Sasa angalia kile kifaa cha kidole. Kiko na matundu mawili: moja la ekutere, moja la mikro. Kwa hiyo kinatosha njia mbili tu, hata kama paketi imeandikwa nini. Ile « 7.1 » ni ya programu. Inachezea sauti ya ekutere, inachelewesha kidogo sikio moja na kubadilisha lingine, ili ubongo uamini kama sauti inatoka nyuma. Kwa muchezaji wa michezo ya vidiyo anayevaa ekutere, inaweza kufaa. Kwa mabafle sita ya sebuleni, haisaidii kitu.

Mu vifaa vile vidogo, mara nyingi kuko chipu ya C-Media inayoitwa CM108, ambayo ni ya stereo. Kampuni ile ile inatengeneza CM6206, na hiyo iko na njia nane za kweli. Inapatikana ndani ya visanduku vidogo vyenye matundu mengi. Kuko pia kadi za majina makubwa, kama Xonar U7 ya ASUS, ao Sound Blaster X-Fi Surround 5.1 Pro ya Creative, kampuni ya Singapore iliyotoa Sound Blaster ya kwanza mu 1989.

Hii haitaki kusema kama kifaa cha matundu mawili ni cha kutupa. Ordinatere ikipoteza sauti juu tundu lake limevunjika ao chipu imeungua, kukitengeneza kunaomba kufungua masini yote. Kifaa kile cha dola chache kinarudisha stereo na mikro papo hapo. Kinunue kwa kazi hiyo, na kwa bei ya kazi hiyo.

Geuza ampli, uangalie mugongo wake

Kadi peke yake haipigi bafle. USB 2.0 inatoa volti 5 na miliampere 500 hivi, yaani wati 2,5. Hiyo inatosha kuamsha kadi, si kusukuma besi. Kazi ya nguvu ni ya ampli ao ya mabafle yenye ampli ndani.

Na huku pia kuko mutego. Seti nyingi zinauzwa kama « home cinéma 5.1 » juu ziko na mabafle sita, lakini nyuma ziko na mahali pa kuingiza stereo tu. Zinapokea njia mbili na kuzigawanya mu mabafle yote. Seti inayofaa iko na matundu sita ya kuingiza, yenye herufi kama FL, FR, C, SW, SL na SR, ao matundu matatu madogo yenye zile rangi tatu. Kwa matundu sita, utatafuta fili tatu zenye fishi ndogo upande mumoja na fishi mbili za RCA upande wa pili.

Ikiwa ampli yako iko na HDMI na inasoma 5.1, ngoja kwanza. Fili moja ya HDMI kutoka ordinatere inaweza kupeleka njia zote sita, na hautahitaji kadi hata moja.

Pima mbele ya kutoka dukani

Uende na ordinatere yako. Ukichomeka kadi, fungua « Panneau de configuration », kiisha « Son », na ukurasa wa « Lecture ». Chagua kadi ya USB, bonyeza « Configurer ». Ukiona « 5.1 surround » mu orodha, ichague na ubonyeze « Tester »: mabafle yanapaswa kulia moja kwa moja, kila moja kwa zamu yake. Kama muuzaji hana mabafle sita, chomeka ekutere mu kila tundu, moja kiisha lingine. Kila tundu linapaswa kutoa sauti yake wakati zamu yake inafika. Orodha ikionyesha stereo peke yake, uliza kama kadi inaomba programu yake. Kama hakuna programu, rudisha kadi juu ya meza.

Filme nayo iulizwe

Kadi ya kweli haiwezi kuumba njia ambazo filme haina. Filme nyingi zinazopita mu flashi zetu, hasa zile zenye sauti ya mutafsiri juu yake kwa Kiswahili ao Lingala, zimebakia na njia mbili. Mutafsiri amepandisha sauti yake juu ya filme, na zile njia sita zikapotea. Mupira nao na muziki vinafika mara nyingi kwa stereo.

VLC inaweza kukuambia ukweli. Wakati filme inacheza, ingia mu « Outils », kiisha « Informations sur les codecs ». Ukisoma 3F2R/LFE ku sehemu ya sauti, iko 5.1: tatu za mbele, mbili za nyuma, pamoja na besi. Ukisoma stéréo, mabafle ya nyuma yatanyamaza, na kadi haina kosa. Filme ikiwa na njia sita lakini sauti inatoka mbele tu, angalia kama VLC inatumikisha kadi ya USB: fungua « Audio », kiisha « Périphérique audio ».

Mabafle na mahali pake

Mabafle mawili ya mbele yawekwe upande huu na huu wa ekrani, digrii 30 hivi kutoka mahali unapoikala. Yale ya nyuma yasitupwe mu pembe za nyuma kabisa. Yawe pembeni mwako na kurudi nyuma kidogo, digrii 110 hivi. Umbali usitofautiane sana, kwa sababu bafle iliyo karibu kwa metre moja zaidi inakufikia milisekunde 3 mbele ya zingine, na sikio linavutwa kwake.

Bafle ya katikati ndiyo inabeba maneno ya waigizaji. Ikiwa ku mahali pake, watu wanafuata mazungumuzo bila kupandisha sauti yote. Mu mitaa yetu ambamo nyumba zinagusana, jirani naye atakushukuru saa ine za usiku.

Tia kadi moja kwa moja ku ordinatere, si ku adapta ya USB yenye kugawanya umeme kati ya vyombo vingi. Ukisikia mungurumo usiokwisha, chomoa kwanza chaja ya ordinatere. Kama mungurumo unakwisha, tatizo liko ku umeme, si ku kadi. Jaribu kuweka ordinatere na ampli ku prize moja yenye stabilizatere.

Kwa mwenye chumba cha vidiyo, hesabu ianzie ku filme. Kama wateja wake wanakuja juu ya mupira na filme zenye mutafsiri, mabafle mawili mazuri yatawafurahisha kuliko sita za bei ndogo. Kama anaonyesha filme zenye njia sita, na ampli yake iko na matundu sita, basi kadi yenye matundu matatu ya kutosha sauti ndiyo kipande kilichobakia.