Taa za jukwaa za 1953 zingali nzima, ampuli zake ndizo zinazopotea

Katika kumbi nyingi za maigizo nchini Uingereza, hasa zile ndogo za shule, za parokia na za vikundi vya watu wanaoigiza bila malipo, ukiinua macho juu ya jukwaa unaweza kuona taa fupi nene ya aluminiamu, imening'inizwa kwenye bomba la chuma. Jina lake ni Patt 23. Ilitoka mara ya kwanza mwaka 1953, kwenye kampuni ya Strand Electric ya London. Wengi walioitundika wameshakufa. Taa yenyewe bado inawaka.

Kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 1914 na mafundi wawili wa umeme waliokuwa wakifanya kazi katika kumbi za London. Kabla ya Patt 23, taa za aina hii zilitengenezwa kwa bati lililokatwa na kukunjwa. Strand wakamimina aluminiamu kwenye kalibu, kama sufuria zinavyomiminwa huku kwetu, na kila taa ikafanana na mwenzake. Ndani kuna ampuli ya wati 500. Nyuma yake kuna kioo kilichopinda kinachokusanya mwanga na kuusukuma mbele, na mbele kuna lenzi. Katikati pameachwa nafasi ya kuingiza kibati chenye tundu: ukiweka tundu la mviringo, jukwaani panatua duara, ukiweka la pembe nne, unapata dirisha la mwanga. Basi, ndiyo taa nzima. Hakuna feni wala kompyuta. Fundi mwenye bisibisi anaifungua, anabadilisha kikalio cha ampuli, anafunga, na jioni igizo linaendelea.

Lakini wepesi wa kutengeneza siyo sababu pekee ya taa hizi kubaki. Kuna pia tabia ya mwanga wenyewe. Ndugu msomaji aliyekulia Bukavu au Uvira anaijua bila kufundishwa: umeme ukipungua nguvu jioni, ampuli ya uzi haizimiki papo hapo, inageuka ya manjano, kisha nyekundu kama makala ndani ya mbabula. Kwetu hiyo ni kero. Jukwaani ni mali. Mfalme anakufa, fundi anashusha mwanga taratibu, na jinsi unavyofifia ndivyo unavyopata joto la jua linalotua. Mtazamaji hajui kwa nini koo limemkaza.

Taa ya LED haifanyi hivyo yenyewe. Ukiishusha, nyeupe inabaki nyeupe hadi giza. Watengenezaji wamelazimika kuchanganya LED za rangi kadhaa na kuandika programu za kuiga wekundu ule, na leo zipo zinazoiga vizuri sana, kwa bei ambayo shule ya kawaida haiiwezi.

Kushusha mwanga nako kuna historia yake. Zamani baadhi ya kumbi zilitumia mitungi ya maji ya chumvi: vipande viwili vya chuma vimetumbukizwa majini, ukivikaribisha umeme unapita kwa wingi, ukivitenganisha taa zinafifia. Baadaye zikaja koili kubwa za waya zenye mkono wa kuvuta. Umeme uliozuiwa uligeuka kuwa joto, na chumba cha fundi kikawa kama tanuru. Mwaka 1935 Fred Bentham wa Strand alionyesha mashine ya kuongoza taa iliyotumia vibonyezo vya kinanda cha kanisani, ili fundi azipige taa kama mpiga kinanda. Lakini kule Broadway, New York, wanaume waliendelea kuvuta mikono ya chuma, na mara nyingine kusaidia kwa miguu, hadi mwaka 1975, mbunifu Tharon Musser alipoleta kompyuta ya kukumbuka taa kwa ajili ya A Chorus Line. Ni miaka sita baada ya binadamu kutua mwezini.

Sasa turudi kwenye ule uzi unaowaka ndani ya ampuli, kwa sababu hapo ndipo habari hii inapotugusa. Uzi huo ni wa wolframu, metali ambayo haiyeyuki mpaka ifike nyuzi joto 3,422, juu kuliko metali nyingine zote. Wolframu inachimbwa Kivu na Maniema. Ni mojawapo ya yale madini matatu yanayotajwa pamoja na kasiteriti na koltani, na yamo katika sheria ya Marekani ya mwaka 2010 inayozitaka kampuni kueleza kama madini yao yanatoka Kongo au kwa majirani zake. Kweli, sehemu kubwa ya wolframu duniani inachimbwa China na inaishia kwenye vyuma vya kukatia na kutobolea, siyo kwenye ampuli. Hata hivyo, mchimbaji wa huku anayebeba jiwe lile jeusi na mwigizaji wa kule anayesimama kwenye mwanga mwekundu wanakutana kwenye waya mwembamba kama unywele.

Na waya huo una maadui. Zaidi ya asilimia 90 ya umeme unaoingia katika ampuli ya namna hii unatoka kama joto. Ndiyo maana nchi za Ulaya ziliamua kuziondoa sokoni ampuli za nyumbani hatua kwa hatua. Mwaka 2018 yakaja mapendekezo mapya ya Umoja wa Ulaya: kuanzia Septemba 2020 kila taa mpya itoe walau lumeni 85 kwa kila wati moja. Ampuli za jukwaani hazifikii hata 30. Wabunifu wa taa wa Uingereza na wenzao wa bara waliinuka, wakakusanya saini, wakaeleza kwamba kumbi ndogo hazina fedha za kubadilisha kila kitu kwa mara moja. Walisikilizwa: sheria ilipotoka iliorodhesha aina za vikalio vya ampuli za jukwaani na kuziacha nje ya katazo.

Ruhusa ya kutengeneza, lakini, hailazimishi kiwanda kutengeneza. Wanunuzi wakipungua, mashine inazimwa. Mwenye ukumbi anaweza kuwa na taa thelathini zenye afya na sanduku moja tu la ampuli kwenye kabati.

Mwandishi huyu anazipenda taa hizi, lakini hatazisifu bila kusema hatari yake. Waya za ndani za taa nyingi za zamani zilifunikwa kwa asbesto ili zistahimili joto, na vumbi la asbesto likiingia mapafuni huleta saratani. Uingereza ilipiga marufuku aina ya mwisho ya asbesto mwaka 1999. Taa zilizotundikwa kabla ya hapo hazikuteremka zenyewe. Nyingine hazikuwa hata na waya wa ardhi. Na moto una kumbukumbu zake: tarehe 30 Desemba 1903, katika ukumbi wa Iroquois mjini Chicago, cheche ya taa moja ya jukwaani ilishika pazia. Pazia la kuzuia moto lilikwama njiani. Watu zaidi ya 600 walikufa, wengi wakiwa wanawake na watoto waliokuja kuona onyesho la mchana.

Hivyo taa ya zamani isiyojulikana haichomekwi tu. Inafunguliwa na mtu anayejua asbesto, inavuliwa waya wote, inavishwa mpya, inafungwa mnyororo wa kuizuia isianguke.

Siku hizi nyingine zinateremshwa kwa sababu tofauti kabisa. Wafanyabiashara wa vitu vya kale wanazinunua, wanazing'arisha, wanazisimamisha kwenye miguu mitatu ya mbao na kuziuza kama pambo la sebule. Kila moja inayokwenda huko inaondoka na lenzi na kioo ambavyo fundi fulani angevitumia kuokoa mwenzake. Pale sebuleni, mahali palipokuwa na ampuli ya wati 500, huwekwa balbu ndogo ya LED. Ukigusa mwili wa taa wakati inawaka, ni baridi.