Kabla hujalipa dola ili "uchimbe" bitcoin kwa simu

Wengi wananiuliza: "Mkubwa, hii programu ya kuchimba bitcoin kwa simu ni ya kweli?" Mimi ni mtu wa kilimo, lakini mwaka uliopita na mimi nililipa dola 20 "za kufungua akaunti". Hazikurudi. Njo maana nilikaa nikajifunza.

Mtu wa Masisi anajua mashimo ya Rubaya: wachimbaji ni wengi, mwenye kukuta koltani ndiye anakula. Bitcoin iko vile, ila kinachotafutwa ni namba. Mashine duniani kote zinaikisia. Karibu kila dakika 10 moja inaipata, na mwenyewe analipwa. Kazi hiyo njo inalinda daftari la malipo, mtu asitumie pesa ile ile mara mbili.

Mwaka 2009 kompyuta ya nyumbani ilitosha, na zawadi ilikuwa bitcoin 50. Tangu Aprili 2024 ni 3.125. Tena wachimbaji wakiongezeka, mfumo unaifanya namba iwe ngumu zaidi kupatikana. Leo mashine moja ya kazi hiyo inakisia zaidi ya mara trilioni 100 kwa sekunde, na inakula karibu wati 3,000. Kompyuta yako kushindana nayo ni kama kwenda mgodi wa Bisie, kule Walikale, na kijiko. Simu ndiyo usiseme.

Kwetu haiwezekani? Inawezekana. Hifadhi ya Virunga ilianza 2020 kule Luviro, teritware ya Lubero. Umeme wa maji ulikuwepo, nyaya za kuufikisha kwa watu zilikuwa bado, basi mashine zikautumia pale pale. Mkulima wa Walikale ataelewa haraka: ndizi bila barabara inaoza shambani, umeme bila waya nao unapotea.

Na wewe mwenye kompyuta ya kawaida? Jaribu Monero. Tangu mwisho wa 2019 mfumo wake unapendelea kompyuta kama zetu, na programu yake ni ya bure. Utapata senti tu, lakini utajifunza. Piga kwanza hesabu ya umeme: wati 60 kwa saa 24 ni karibu kilowati-saa moja na nusu. Kwa jenereta ya mafuta, utapata hasara.

Shika neno moja: mwenye kukulipisha kabla hujachimba, anachimba mfuko wako. Kama kijijini kwenu kuko turbini ndogo yenye umeme unaobaki usiku, tuandikie hapa, tupige hesabu pamoja.