Je, serikali iendeshwe kama kompanyi?

Kila mara bajeti ya nchi inapojadiliwa, tunasikia neno lile lile, hata kwenye viwanja vya makanisa yetu: "Nchi hii ingeendeshwa kama kompanyi, tungekuwa mbali." Sisi wa Lubumbashi tunao mfano wa karibu wa kulipima neno hilo. Ni Gécamines.

Ilizaliwa mwaka 1967, serikali ilipotwaa mali ya Union Minière. Iliuza shaba, lakini pia ilisomesha watoto, ilitibu wagonjwa na kuwapa wafanyakazi unga wa bukari. Mwaka 1986 ilitoa karibu tani 476,000 za shaba. Mwaka 1994 zilibaki karibu tani 30,000. Mgodi wa Kamoto ulikuwa umeporomoka mwaka 1990, na kwa miaka mingi wakubwa wa nchi walichota faida bila kurudisha ya kutosha kwenye mashine. Mwenye duka anayekula mtaji wake hufilisika. Katika hilo, serikali ijifunze kwa wenye maduka: kuandika kila franka, kutunza mali, kutotumia kisichokuwapo.

Lakini sikiliza yaliyofuata. Kuanzia mwaka 2003, kwa msaada wa Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Katika vitabu vya kompanyi, mzigo ulipungua. Lakini watu wale hawakuondoka Kongo. Walibaki Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, na watoto wao waliendelea kuhitaji shule na dawa. Mzigo ulihama tu, ukawaangukia akina mama wanaouza sokoni, jamaa na makanisa.

Hapo ndipo tofauti ilipo. Kompanyi inaweza kumfuta mtu katika orodha yake. Serikali haiwezi kumfuta raia. Elimu ya msingi bila malipo, iliyoanza Septemba 2019, haileti faida katika hesabu za duka. Hata hivyo, mtoto wa mjane ni wa nchi hii sawasawa na mtoto wa tajiri.

Maandiko yanashika pande zote mbili. Katika Luka 14 Bwana Yesu anamtaja mjenzi anayehesabu gharama kabla ya kuanza mnara. Na katika Walawi 19 mwenye shamba anaamriwa asivune mpaka pembeni, ili maskini na mgeni wapate chakula. Mtafuta faida angevuna yote.

Basi tufanye nini? Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inagawa malipo ambayo kompanyi hutoa kwa madini zinayouza: asilimia 50 kwa taifa, 25 kwa jimbo, 15 kwa mji, sekta au usultani wa mahali yanapochimbwa, na 10 kwa vizazi vijavyo. Ndugu na dada, mkiwa Kolwezi au Kamituga, waulizeni viongozi wenu kwa upole na bila woga: ile 15 ilikuwa kiasi gani, na imemjengea nani nini? Tusiwaulize kama wateja dukani. Tuwaulize kama wenye nyumba.