Kukanyagana Uwanjani: Sayansi ya Msongamano na Swali la Lawama

Vifo vinavyotokea umati unaposongamana kwenye geti au ngazi za uwanja huitwa vifo vya kukanyagana. Neno hilo limebeba hukumu ndani yake: kiambishi cha kutendana kinaashiria kwamba mashabiki waliuana wenyewe kwa wenyewe. Uchunguzi wa ajali hizi umeonyesha vingine. Wengi wa wanaokufa hawakanyagwi. Hufa wakiwa wima, kwa kukosa hewa.

Afrika Mashariki inayajua majanga haya. Oktoba 23, 2010, mashabiki 7 walifariki katika Uwanja wa Nyayo, Nairobi, siku ya mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards. Februari 1, 2020, watu 20 walifariki katika Uwanja wa Majengo, Moshi, kilomita 80 hivi kutoka Arusha, waumini waliokuwa kwenye ibada walipokimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Machi 21, 2021, watu 45 walifariki katika Uwanja wa Uhuru, Dar es Salaam, wakati wa kumuaga Rais John Magufuli. Mei 28, 2023, mtu mmoja alifariki na wengine wapatao 30 wakajeruhiwa katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, Yanga ilipocheza na USM Alger.

Chanzo ni idadi ya watu katika eneo dogo. Wakiwa 4 katika mita moja ya mraba, kila mmoja bado huchagua pa kuweka mguu. Wakifika 6 au 7, uchaguzi huo unakwisha. Umati huyumba kama maji ndani ya ndoo: mtu hubebwa asikotaka, kiatu kikamvuka, mikono ikabanwa kifuani asiweze kuinyanyua. Ili mtu avute pumzi, mbavu zake lazima zitanuke. Zikibanwa mbele na nyuma, hewa haiingii, na dakika chache zinatosha kumuua.

Aliye nyuma haoni yanayotokea mbele. Yeye husogea hatua moja tu akijua foleni inakwenda, lakini hatua za mamia zikijumlika huwa nguvu inayoweza kupinda vyuma.

Hapo ndipo ubishi wa lawama unapoanzia. Aprili 15, 1989, msongamano katika uwanja wa Hillsborough, Uingereza, ulisababisha vifo vya watu 97. Polisi walidai mashabiki walivunja geti. Ukweli ni kwamba geti lilifunguliwa kwa amri ya polisi, na watu wakaelekezwa kwenye vizimba vilivyokwisha kujaa. Msongamano wa nje nao haukuwa kosa la mashabiki: 10,100 kati yao walikuwa wamepangiwa mageti 7 ya kuzunguka, yanayopitisha mtu mmoja mmoja. Kwa kiwango cha juu cha watu 660 kwa saa kwa kila geti, kuwaingiza wote kungechukua zaidi ya saa mbili. Mwaka 2016 baraza la wazee wa mahakama liliamua kwamba mashabiki hawakuwa na kosa na kwamba waliuawa isivyo halali. Hata hivyo, ofisa aliyeongoza polisi siku hiyo aliachiwa huru mwaka 2019. Accra nako, Mei 9, 2001, watu 126 walifariki baada ya polisi kurusha mabomu ya machozi jukwaani. Tume iliwalaumu polisi, lakini maofisa walioshtakiwa waliachiwa na mahakama.

Kwa mizani ya sayansi, mzigo mkubwa humwangukia anayeshika funguo: mwenye uwanja, mwandaaji na polisi. Wao ndio wanaojua idadi ya tiketi na upana wa milango, na wao ndio wanaoweza kuusimamisha umati mbali, kabla haujafika getini.

Uwanja mpya wa Olmoti jijini Arusha, ulioandaliwa kwa ajili ya AFCON 2027, umesanifiwa kwa watazamaji wapatao 30,000. Kwa kiwango kile kile cha watu 660, kuwaingiza wote kwa saa moja kunahitaji mageti 46 ya aina hiyo, yote yakiwa wazi.