Kabla ya kununua kadi mpya ya grafiki, toa kwanza vumbi

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

MWANAFUNZI ambaye kompyuta mpakato yake imeanza kukwama katikati ya mchezo mara nyingi huwaza jambo moja: kutafuta fundi wa kumbadilishia kadi ya grafiki. Kabla ya fedha za mkopo, maarufu kama 'bumu', kuishia huko, yapo mambo mawili ya kuyafahamu. La kwanza, kadi hiyo huenda haibadilishiki kabisa. La pili, huenda si mbovu.

Kadi ya grafiki ndiyo inayochora picha zinazoonekana kwenye skrini. Katika kompyuta ya mezani huchomekwa kwenye tundu lake, na kuichomoa ni kazi ya dakika chache. Katika kompyuta mpakato nyingi hali ni tofauti, kwani chipu imeungwa kwa lehemu moja kwa moja kwenye bodi mama. Kuibadili maana yake ni kubadili bodi nzima, gharama inayoweza kukaribia bei ya mashine nyingine iliyotumika.

Zipo chache zinazoruhusu. Mwaka 2004 kampuni ya Nvidia ilianzisha mfumo wa kadi za kuchomeka uitwao MXM, lakini kadi ya mashine moja mara nyingi haikubali nyingine kwa sababu ya umbo, mfumo wa kupooza na kiasi cha umeme. Mwaka 2023 kampuni ya Framework ya Marekani ilitangaza kompyuta ya inchi 16 ambayo kadi yake hufunguliwa na mmiliki mwenyewe.

Njia nyingine ni kadi ya nje. Kompyuta yenye tundu la Thunderbolt 3 au toleo jipya zaidi inaweza kuunganishwa na kadi ya kompyuta ya mezani iliyowekwa ndani ya kasha lenye umeme wake. Hata hivyo, mnunuzi hulipia kadi na kasha, na sehemu ya kasi hupotea njiani.

Anayenunua mashine mpya naye asidanganywe na jina. Kadi ya RTX 4090 ya kompyuta ya mezani ina memori ya gigabaiti 24, ilhali ya kompyuta mpakato yenye jina hilo hilo ina gigabaiti 16, chipu ndogo zaidi na hupewa umeme mdogo zaidi.

Kwa wakazi wa Dodoma, adui mkubwa zaidi ni joto. Chipu inapokaribia kikomo chake, ambacho kwa prosesa nyingi ni kati ya nyuzi joto 95 na 100 za Selsiasi, hujipunguzia kasi ili isiungue. Mchezaji huona mchezo ukikwama na kudhani kadi imechoka. Joto likizidi, mashine hujizima.

Mazingira ya uwanda wa kati huongeza tatizo. Kiangazi hapa huanza takriban Mei hadi Novemba, na upepo hubeba vumbi jingi, ambalo hunaswa kwenye mapezi ya chuma yanayotoa joto na kuziba njia ya hewa. Aidha, Dodoma iko zaidi ya meta 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa takriban sehemu moja ya kumi, hivyo feni ikizunguka kwa kasi ile ile huondoa joto dogo zaidi.

Madhara yake si ya kubuni. Julai 2008, Nvidia ilitangaza kutenga kati ya dola za Marekani milioni 150 na 200 kugharimia chipu za kompyuta mpakato zilizokuwa zikiharibika. Viungo vyake vilidhoofika kwa kupata joto na kupoa mara kwa mara. Fundi anayechoma bodi kwa moto ili "kuifufua" huirudisha kwa muda tu. Mara nyingi ugonjwa hurejea.

Tiba ya kwanza ni usafi. Mashine izimwe, ichomolewe chaja, na betri itenganishwe kama inawezekana. Kwa kuwa hewa ya hapa ni kavu, fundi aguse kwanza chuma kisicho na rangi ili kuondoa umeme tuli mwilini. Feni ishikiliwe isizunguke wakati wa kupuliza, na vumbi litolewe kwa brashi laini. Kitambaa chenye maji kisitumike.

Mashine ikiwa na miaka kadhaa, pesti inayopitisha joto kati ya chipu na bomba la shaba huwa imekauka, nayo ibadilishwe. Gharama yake ni ndogo mno ikilinganishwa na ya bodi mpya.

Baada ya hapo, mazoea yabadilike. Kompyuta isiwekwe juu ya godoro wala mapajani, bali juu ya meza ngumu, nyuma ikiinuliwa kidogo. Idadi ya picha kwa sekunde ipunguzwe hadi 60, na programu ya kupima joto iwashwe wakati wa kucheza.

Joto likishuka na kasi ikarejea, fedha imeokolewa. Joto likiwa la kawaida na mchezo bado unakwama, huenda kadi imezidiwa kweli, na busara ni kuweka akiba ya mashine nyingine.