Fizikia kwa Njia ya Feynman (2): Ghuba ya Rio

Wiki iliyopita tulimwacha Richard Feynman Los Alamos. Leo tumfuate Rio de Janeiro, alikofundisha mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mimi kisa cha huko nakipenda kuliko hata Tuzo ya Nobel aliyogawana na Schwinger na Tomonaga mwaka 1965.

Alikuwa na vipande vya polaroidi, ambayo hupitisha mwanga unaotikisika upande mmoja tu. Akawauliza wanafunzi: utaujuaje upande huo? Kimya. Akawauliza pembe ya Brewster ni nini. Wakaitiririsha papo hapo, na kanuni yake juu. Basi akawaambia waitazame ghuba kupitia polaroidi huku wakiizungusha. Kumbe mwanga unaoakisiwa na maji ndio ule ule wa daftarini! Kwa maji, pembe hiyo ni kama digrii 53 kutoka wima, kwa hiyo mwenye miwani ya jua ya polaroidi na ajaribu alasiri, akilielekea jua: akiizungusha, mng'ao wa bahari utafifia na kurudi.

Wengi huniuliza waanze na kitabu gani. Juzuu tatu za mihadhara yake ya 1961 hadi 1963 zinasomeka bure kwenye tovuti ya Caltech, lakini usikimbilie huko. Tazama kwanza mihadhara saba aliyoitoa Cornell mwaka 1964, iliyorekodiwa na BBC. Kisha soma QED, cha 1985, kinachoeleza mwanga kwa vishale vidogo tu.

Hapo sasa fungua juzuu ya kwanza, sura ya nne, inayohusu nishati. Mama anahesabu vipande 28 vya kuchezea vya mwanawe. Vikipungua, anapima uzito wa sanduku asiloruhusiwa kulifungua, au anaangalia maji machafu ya bafu yamepanda kiasi gani. Akijumlisha, hesabu inarudi 28. Halafu Feynman anatupokonya vipande vyenyewe: katika nishati havipo, kilichopo ni hesabu isiyobadilika. Sijaona maelezo bora zaidi, ingawa anayesaka maswali ya mtihani atatoka mikono mitupu. Mwenyewe Feynman alikiri katika dibaji kwamba hakuridhika na alivyowafundisha wanafunzi wale.

Wiki ijayo tutavichora vishale vya QED. Uwe na rula na penseli.