Malezi ya Mtoto wa Mbwa

Wahenga walisema: Samaki mkunje angali mbichi. Neno hili tumezoea kulitumia juu ya watoto wetu, lakini lafaa vilevile kwa mtoto wa mbwa aletwaye nyumbani. Katika milima ya Masisi mbwa hulinda ng'ombe na mashamba. Katika misitu ya Walikale huenda kuwinda pamoja na bwana wake. Pote pawili twataka afanye kazi, bali ni wachache wanaojitaabisha kumfunza. Kisha akimwuma mtoto wa jirani, au akimrarua mbuzi wake, twasema: "Mbwa huyu ni mbaya." Je, ubaya ni wa mbwa, au ni wa malezi?

Vitabu vingi vya kufunza mbwa vimeandikwa Ulaya na Marekani, na mara nyingi husimulia habari za Labrador. Asili ya mbwa huyo ni Newfoundland, katika nchi ya Kanada, ambako wazazi wake wa kale waliwasaidia wavuvi katika maji ya baridi. Baadaye Waingereza wakamfunza kuwaletea ndege waliopigwa risasi. Hupenda watu, hupenda na chakula, kwa hiyo hufunzika upesi.

Lakini mbwa wetu naye asidharauliwe. Yule mbwa mdogo wa misitu ya Kongo, mwenye masikio wima na mkia uliojikunja, ambaye wageni humwita Basenji, habweki kama wengine. Ndiyo sababu wawindaji humfunga kengele ya mti shingoni wapate kujua alipo. Mwaka 1895 wawili walionyeshwa London, wakafa kwa maradhi. Mwaka 1937 wengine walionyeshwa huko tena, na watu wakawashangaa. Basi mnyama ambaye watu wa mbali walimsafiria baharini, sisi twampiga teke mlangoni!

Mbwa akiwa wa ng'ambo au wa kijijini, njia ya kumfunza ni moja. Na tuiangalie hatua kwa hatua.

Nyumba moja, neno moja

Mtoto wa mbwa asiondolewe kwa mama yake kabla hajatimiza majuma 8. Kabla hajafika, watu wa nyumbani wapatane kwanza wao wenyewe. Kama baba asema "Njoo", mama asema "Kuya", na watoto wapiga mluzi, mbwa atasikia sauti tatu wala hatajua atii ipi. Kama baba amkataza kuingia jikoni, na watoto wamwita humo kwa siri na kumpa mfupa, kosa si la mbwa. Chagueni maneno machache: "Njoo", "Kaa", "Acha". Yatosha.

Jina nalo liwe fupi. Wako watu wampao mbwa jina la mafumbo, ili kila wakimwita jirani asikie na kuumia moyoni. Desturi hiyo haifai nyumba ya Mkristo. Mbwa aliletwa kulinda amani ya boma, si kupeleka matusi ng'ambo ya ua.

Zawadi yapita fimbo

Mwite jina lake. Akija, mpe papo hapo kipande kidogo cha ugali au dagaa, na kumsifu. Ukikawia, hataelewa ni tendo lipi lililokupendeza. Fanya hivyo dakika 5 tu, mara mbili au tatu kwa siku, kwa kuwa akili yake bado changa nayo huchoka upesi.

Usimwite kamwe ili kumpiga. Ukimwita akaja, nawe ukampiga kwa kosa la asubuhi, hatafahamu ya kuwa umeadhibu kosa. Atafahamu ya kuwa kuja kwako ni hatari. Kesho utamwita mpaka sauti ikauke.

Kwa habari ya usafi, mpeleke nje kila aamkapo, kila alapo, na kabla ya kulala, daima mahali pale pale. Mbwa wa miezi 2 hawezi kujizuia muda mrefu. Akichafua ndani, safisha, unyamaze. Kumsugua pua katika uchafu hakumfunzi neno, humtia hofu tu.

Mtoto wa mbwa huuma kila kitu, kwani meno yamwasha. Mpe kamba nene au kipande cha mti. Akiuma mkono, acha mchezo mara moja, umgeuzie mgongo. Hivyo atajifunza ya kuwa meno huondoa furaha.

Jirani na mifugo yake

Hapa ndipo penye uzito. Katika Masisi na Walikale, ambako watu wengi wamehamahama kwa sababu ya vita tangu mwaka 1993, ugomvi mdogo kati ya nyumba mbili waweza kukua upesi. Mbuzi mmoja aliyeraruliwa huamsha maneno ya zamani. Kwa hiyo, tangu mbwa angali mdogo, mpitishe kwa kamba karibu na mbuzi, kuku na ng'ombe. Akitulia, mpe zawadi. Mwoneshe wageni, wazee wenye fimbo, na watoto wanaokimbia. Mambo ayaonayo kwa utulivu kabla ya mwezi wa nne hatayaogopa sana baadaye, na mbwa asiyeogopa haumi ovyo.

Usimfunge kamba fupi kutwa kucha ukidhani atakuwa mlinzi mkali. Atakuwa mkali kweli, hata kwa watoto wako. Na watoto nao wafundishwe: mbwa anayekula, anayelala, au anayenyonyesha asisumbuliwe.

Sindano ya kichaa

Malezi yote hayo ni bure mbwa asipochanjwa. Kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, na wengi wao huumwa na mbwa. Dalili zikisha kuonekana kwa mtu, karibu kila mara hufa. Walakini kinga ipo tangu mwaka 1885, Louis Pasteur alipomchanja kijana Joseph Meister huko Paris. Mbwa na achanjwe akitimiza miezi 3, kisha arudiwe kama mganga wa mifugo atakavyoagiza. Dawa hiyo hutunzwa katika baridi, na vijiji vyetu vingi ni mbali na barabara. Basi watu wa jumuiya moja wahesabu mbwa wao, wachange, wamwite mganga siku moja kwa wote. Mtu akiumwa, kidonda kioshwe kwa maji na sabuni dakika 15, na siku ile ile aende hospitali. Asingoje kuona kama mbwa atakufa.

Huenda msomaji atauliza: Je, yafaa kushughulika na mbwa mahali ambapo watu wana njaa? Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 yajibu pande zote mbili: kumtesa mnyama pasipo haja hakupatani na heshima ya mwanadamu, tena si vema kumtumia mnyama fedha ambazo zingepasa kwanza kuwapunguzia watu taabu. Mafunzo tuliyoyaeleza hayahitaji fedha nyingi. Yahitaji subira.

Na subira hiyo haimfai mbwa peke yake. Mtoto ambaye amewaona wazazi wake wakipatana neno moja, wakisifu upesi, wakijizuia kupiga kwa hasira, amejifunza jambo atakalolitumia siku atakapokuwa na watoto wake mwenyewe. Wazazi wapendwa, jioni hii kabla ya kumwita mbwa wenu, kaeni pamoja kwanza, mchague neno mtakalomwitia.